Niagara, Vemork au Hale: skuli yenu ijenge mfano wa nyumba ipi ya umeme wa maji?

Kila unapokaribia msimu wa maonesho ya sayansi, hapakosi maalim wa kunipigia simu. "Fundi, vijana wanataka kutengeneza umeme wa maji, lakini lile gurudumu la chupa ya plastiki wamelichoka. Wanataka nyumba khasa ya mitambo, ya kihistoria, yenye jina lake." Nami humjibu kwa swali ambalo wengi hulishangaa: tangi lenu la maji liko juu kiasi gani kutoka chini?

Majina yanayotajwa ni yale yale matatu. Niagara ya Marekani, kwa kuwa imo katika kila kitabu cha fizikia. Vemork ya Norwei, kwa sababu ya kisa cha vita. Na Hale, hapo ng'ambo ya mkondo wetu, kwenye Mto Pangani. Yote matatu nimeshashiriki kuyajenga kwa mbao, plaiwudi na vyuma chakavu katika karakana yangu Kikwajuni, na mojawapo lilitutia aibu mbele ya mgeni rasmi. Nayaweka hapa pamoja ili wewe usipite tulikopita sisi, na nikwambie mapema kwamba ninayoipenda siyo ninayokushauri.

Maji ndiyo msanifu wa kwanza

Watu wakiona picha ya nyumba ya mitambo ya zamani huvutwa na madirisha ya tao, mawe yaliyochongwa, ukumbi usioisha. Wanachagua kwa macho. Lakini umbo la nyumba ile halikuanza kwenye karatasi ya msanifu. Lilianza na namna maji yanavyoanguka mahali pale. Nguvu ya maji inatokana na vitu viwili: wingi wake, na kimo yanachoshuka. Maji kidogo yanayoteremka kutoka mlimani yanaweza kufanya kazi ileile ya maji mengi yanayoshuka mita chache, ila mashine zake ni mbali mbali, na nyumba za mashine hizo nazo ni mbali mbali.

Jambo hili si geni kwetu. Nenda Mji Mkongwe ukapime vyumba vya nyumba za mawe. Vingi ni virefu na vyembamba, upana wake kama mita 3, kwa sababu dari imebebwa na boriti za mikoko na boriti nzuri haivuki sana hapo. Hakuna aliyekaa akakata shauri kwamba chumba chembamba ndicho kizuri. Mti ndio uliokata shauri. Katika nyumba ya mitambo, anayeamua upana ni winchi. Jenereta ikiharibika sehemu zake nzito lazima zinyanyuliwe, zipitishwe juu ya jenereta nyingine, zishushwe mwisho wa ukumbi ambako pameachwa nafasi ya kazi. Ndiyo maana ukumbi hauna nguzo katikati, kuta zake zina reli mbili za winchi kutembelea, na paa limeshikwa na fremu za chuma. Mfano wowote utakaoujenga, winchi usiisahau. Nimeona mifano mizuri yenye kila dirisha, haina winchi, na hakuna mwanafunzi aliyeweza kueleza kwa nini ukumbi ule ni mpana.

Sasa turudi kwenye maji yako wewe. Unguja sehemu kubwa ni jiwe la matumbawe. Mvua ikinyesha inazama, na baadhi ya vijito huingia ardhini kabla ya kufika pwani. Pemba imejaaliwa vilima na mabonde, lakini skuli ngapi zina kijito ndani ya uwanja wa maonesho? Kwa hiyo maji ya mfano wako, mara tisa katika kumi, yatatoka tangini. Tangi likiwa mita 6 juu ya mashine na maji yakatoka kwenye tundu la milimita 8, yatachomoka kwa kasi ya karibu mita 11 kwa sekunde, na yatatoka kiasi cha nusu lita kila sekunde. Nguvu iliyomo humo ni wati 30 hivi. Mashine ya kujitengenezea ikikupa theluthi yake, mshukuru Mungu. Tangi la lita 1,000 litakwisha kwa nusu saa.

Shika namba hizo, maana ndizo zitakazochagua.

Vemork: nyumba ya maji membamba yenye hasira

Vemork ipo karibu na mji wa Rjukan, katika mkoa wa Telemark. Ilipofunguliwa mwaka 1911 ilikuwa kituo kikubwa kuliko vyote duniani vya kufua umeme wa maji: mashine 10, jumla megawati 108. Maji yalishuka karibu mita 300 ndani ya mabomba ya chuma yaliyolazwa juu ya mlima kama mishipa mgongoni mwa mkono, na chini yake, ukingoni mwa korongo, ikasimama nyumba ndefu iliyovishwa mawe ya matale. Msanifu alikuwa Olaf Nordhagen. Ukiitazama kwa mbali utadhani ni kasri la mfalme. Ndani yake hapakuwa na mfalme. Kazi yake ilikuwa kutoa umeme wa kutengenezea mbolea, kwa kuinasa naitrojeni ya hewani kwa moto wa umeme.

Kwa kimo cha mita 300, maji yanatoka kwenye nozeli, yaani mdomo mwembamba wa bomba, kwa kasi ya karibu kilomita 270 kwa saa. Kasi hiyo huwezi kuizungushia pangaboi. Kasi hiyo inataka turbini ya Pelton, aliyoisajili Lester Pelton huko California mwaka 1880, katika nchi ya wachimba dhahabu. Ni gurudumu lenye vikombe pembeni, na kila kikombe kina ukingo mkali katikati unaoyapasua maji mawili, nusu kulia, nusu kushoto. Ukingo ule ndio werevu wote wa mashine hii. Kikombe cha kawaida hurudisha maji usoni mwa maji yanayokuja, yakagombana. Kikombe kilichopasuliwa huyageuza na kuyatupa pembeni, yakiwa yameshaacha karibu nguvu yake yote.

Sasa sikiliza kisa cha vikombe. Mara ya kwanza tulipojenga Vemork nilijifanya mjanja: nikasema vikombe tutatumia vifuu, kama pawa za kuchotea mchuzi. Rahisi, vya kwetu, vinapendeza kwenye picha. Gurudumu likazunguka kama mzee anayeshuka ngazi. Kosa ni kwamba maji yanayotoka kwenye tundu la milimita 8 yanataka kikombe chenye upana wa kama sentimita 2 na nusu, si bakuli. Ndani ya kifuu maji yalizurura, yakajaa, yakamwagika yakiwa bado na nguvu. Tukavitoa. Tukachukua vijiko vya chai vya bati, tukakata mikono yake, tukavipanga viwili viwili ubavu kwa ubavu ili ukingo wa kati ujitokeze wenyewe. Jozi 16 kuzunguka duara la sentimita 20. Tulipofungua maji, sauti yenyewe ilibadilika. Kutoka kububujika ikawa mvumo.

Gurudumu la Pelton hufanya kazi vizuri zaidi vikombe vinapokwenda nusu ya kasi ya maji. Kwa tangi la mita 6, hiyo ni mita 5 na kitu kwa sekunde, mizunguko kama 500 kwa dakika. Na hapa kuna bahati ambayo sikuipanga: mita 5 na kitu kwa sekunde ndiyo mwendo wa baiskeli ya kijana mwenye haraka. Kwa hiyo ukiweka gurudumu jingine la mbao la sentimita 20 kwenye shafti (mhimili) ileile, ukalizungushia mpira wa tairi ya ndani, dinamo ndogo ya baiskeli itasuguana nalo ikidhani ipo barabarani. Volti 6, wati 3, taa inawaka. Hakuna gia, hakuna mkanda.

Mambo mawili yatakuharibia. La kwanza ni mpira wa bustani wa nusu inchi. Unabana maji na kula nguvu yake kabla hayajafika. Tumia bomba la inchi moja mpaka kwenye nozeli, na kona ziwe chache. La pili ni kwamba Pelton hurusha maji kila upande, na kuta za kadibodi hazina huruma. Tuliikata galoni ya mafuta ya kupikia tukaifunika mashine nzima, tukaacha kidirisha cha plastiki angavu cha kuchungulia. Nyumba ya Nordhagen ikakaa nyuma ya galoni, kavu.

Halafu kuna vita. Vijana wengi wanaitaka Vemork kwa sababu ya usiku wa tarehe 27 kuamkia 28 Februari 1943, wapiganaji wa Norwei walipovuka korongo lile kwenye theluji na kulipua mitambo ya maji mazito ambayo Wajerumani waliyahitaji kwa utafiti wa nyuklia. Kisa ni cha kweli na kinasisimua. Ila mitambo ile haikuwamo katika nyumba ya umeme. Ilikuwa ghorofa ya chini ya kiwanda cha haidrojeni kilichosimama mbele yake, jengo lililokwisha kubomolewa. Nyumba ya umeme yenyewe ilifanya kazi hadi mwaka 1971, leo ni makumbusho, na tangu 2015 eneo la viwanda la Rjukan na Notodden limo katika Urithi wa Dunia, kama Mji Mkongwe wetu ulivyoingizwa mwaka 2000. Ukijenga nyumba ya umeme peke yake ukaandika habari za kulipuliwa, atatokea mmoja anayejua akuulize kishindo kilipigwa chumba gani.

Kama huna haja ya kwenda Norwei kutafuta Pelton, ipo Kihansi, Morogoro: mashine 3 za megawati 60, maji yakishuka kama mita 850, tangu mwaka 2000. Haina sura ya kihistoria, na umaarufu wake mkubwa ni wa vyura wadogo wa manyunyu ya maporomoko yale, wanaozaa badala ya kutaga, waliotoweka porini baada ya maji kuelekezwa kwenye mitambo. Klabu ya mazingira ingeipenda kuliko klabu ya fizikia.

Niagara: ninayoipenda

Nyumba ya kwanza ya mitambo ya Niagara, katika kituo kilichoitwa Adams, ilianza kufua umeme mwaka 1895. Mchoraji wake alikuwa Stanford White, wa kampuni ya McKim, Mead & White, watu waliozoea kuchora majumba ya matajiri na vilabu vyao. Kampuni ya umeme kumwita msanifu kama huyo kulikuwa na maana. Umeme wa mkondo geu (AC) kwa kiwango kile ulikuwa haujawahi kujaribiwa, wenye fedha walikuwa na wasiwasi, na jengo la mawe ya chokaa lenye matao mazito lilikuwa linawaambia: hatuondoki. Sisi tulifanya kinyume chake. Sultani Barghash alijenga Beit el Ajaib mwaka 1883, na taa za umeme zikaja kupamba jumba. Kule jumba lilikuja kuupamba umeme.

Lakini uzuri wa Niagara umejificha chini. Mfereji ulileta maji ya mto hadi pembeni mwa nyumba, na chini ya sakafu palichimbwa mtaro ndani ya mwamba, kina chake zaidi ya mita 50. Maji yalishuka humo ndani ya mabomba, yakakutana na turbini chini kabisa, kisha yakaondoka kwa handaki la kiasi cha kilomita 2 kwenda kutokea chini ya maporomoko. Turbini ziko shimoni, jenereta ziko juu ukumbini, na kinachoziunganisha ni shafti iliyosimama wima, bomba la chuma lenye uwazi ndani, nene kuliko kifua cha mtu. Kila mashine ilikuwa na nguvu za farasi 5,000, ikizunguka mara 250 kwa dakika.

Uzito wa shafti ile na jenereta yake ungekaa wapi? Hapo ndipo ninapovua kofia. Turbini, zilizobuniwa na kampuni ya Faesch & Piccard ya Geneva, zilipangwa ili maji yenyewe yasukume kwenda juu na kuubeba mzigo. Maji yanazungusha mashine na wakati huohuo yanaibeba, kama mbebaji anayeimba huku amejitwika gunia. Na juu, badala ya sumaku kuzunguka ndani ya koili kama jenereta nyingi, duara zito la sumaku lilizunguka nje, limefunika koili mfano wa mwamvuli, ili uzito wake wa pembeni usawazishe mwendo.

Kwa somo la umeme hakuna mwalimu bora. Duara lile lilikuwa na ncha 12 za sumaku. Zidisha 12 kwa 250, gawa kwa 120, unapata 25: hetsi 25, yaani mizunguko 25 ya umeme kwa sekunde, nusu ya hetsi 50 tunazotumia sisi. Taa za hetsi 25 zilikuwa zikipepesa kiasi cha jicho kuona. Mnamo Novemba 1896 umeme wa volti 2,200 ulipandishwa na transfoma hadi 11,000 ukapelekwa Buffalo, zaidi ya kilomita 30. Mtoto wa Unguja ana sababu yake ya kulielewa hilo, maana tangu mwaka 1980 sisi tunaishi kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba, na waliokuwa wakubwa mwaka 2008 wanakumbuka mwezi mzima wa giza kuanzia Mei hadi Juni, ndoo mkononi, kwani pampu za visima nazo zilikuwa zimekufa.

Basi tuliijenga. Ukumbi wa plaiwudi, matao tumeyakata kwa msumeno wa mkono, kuta tumezipaka chokaa na mchanga mpaka mtu akagonga kwa ukucha kuhakikisha. Sanduku la shimo lilikuwa na kimo cha mita moja na nusu, upande mmoja plastiki angavu, na ndani yake shafti. Shafti tulitumia nondo ya milimita 12. Nondo, mwenzangu, haijanyooka. Ukiitazama unaiona imenyooka. Ukiizungusha inakutoa uongo. Karakana yetu ilivumilia mtikisiko kwa sababu tuliizungusha polepole. Siku ya maonesho kijana mmoja, kwa furaha ya kuwaona wageni, akafungua vali yote. Shafti ikaanza kucheza, beringi ya juu ikang'oka kwenye mbao, mkanda ukaruka na kutua mapajani mwa mgeni rasmi, umelowa. Alikuwa mtu mwungwana. Aliukunja vizuri akaturudishia.

Hitilafu haikuwa ya kijana. Mfano wa Niagara unadai shafti ndefu iliyochongwa kwenye mashine ya kereza, beringi tatu zilizo kwenye mstari mmoja, na maji mengi kuliko tangi la skuli linavyoweza kutoa, kwani turbini za aina ile zinapenda maji tele. Mwenye kerezo na fundi seremala mwenye subira na aijenge. Asiye navyo aijenge kavu: aweke mpini wa kuzungushia kwa mkono, aonyeshe shimo, shafti na mwamvuli wa sumaku, na nguvu zake azielekeze kwenye transfoma na nguzo za kwenda Buffalo. Atapata mfano wenye mafunzo kuliko wetu uliolowa. Na ubavuni mwa mfano aweke picha ya leo: mitambo ilizimwa mwaka 1961, kumbi zile zikabomolewa, iliyobaki ni nyumba ya transfoma peke yake, na lango la mawe lililohamishiwa kisiwani Goat Island. Baada ya yale ya Beit el Ajaib tarehe 25 Disemba 2020, hadhira yetu haihitaji kuelezwa maana ya jengo la namna hiyo kuanguka.

Hale: nyumba isiyo na uso

Hale ilianza kazi mwaka 1964, mashine 2 za megawati 10.5 kila moja. Ukifika juu ya ardhi hutaona kasri. Mashine zimo chini, ndani ya mwamba, na unachokiona ni mageti ya maji, nguzo na transfoma. Kwa anayetaka jengo la kupiga nalo picha, hapa hapana kitu.

Na hiyo ndiyo faida yake. Mfano wa Hale ni mkato: kama papai lililopasuliwa. Unachukua ubao mmoja mkubwa wa plaiwudi, unachora ardhi, unachonga njia ya maji kutoka juu, chumba cha mashine katikati, njia ya kurudi mtoni. Hakuna kuta nne, hakuna paa, hakuna tao la kukata siku tatu. Darasa la watoto 40 linaweza kuugawana kazi wote, na mfano ukaning'inizwa ukutani baada ya maonesho badala ya kuozea stoo.

Turbini yake ni ya Francis, jina la James Francis aliyeisanifu huko Lowell, Massachusetts, mwishoni mwa miaka ya 1840. Hufaa vimo vya kati, kama mita 70 za Hale. Maji huingia kwenye gamba lililojikunja kama konokono, hupita kwenye vibao vinavyofunguka na kufunga mfano wa luva za dirisha, kisha huingia katikati ya gurudumu na kutokea chini. Kuitengeneza kwa mkono ni kazi ya kukonda: pengo kati ya gurudumu na gamba likizidi kidogo tu, maji yote yanapita kando. Ipo njia ya mkato ambayo mafundi wa pampu wanaijua. Pampu ya maji ya nyumbani iliyoungua mota, ukiyapitisha maji kinyume, ni Francis iliyokwisha kutengenezwa. Lakini pampu iliyoundwa kusukuma maji mita 30 itazunguka kwa uvivu mbele ya tangi la mita 6. Ipasue uioneshe ndani, usiitegemee kuwasha taa.

Kinachonifanya niipe Hale alama nyingi ni mto wenyewe. Maji ya Kilimanjaro na Meru hukusanyika Nyumba ya Mungu, ambako mitambo ya mwishoni mwa miaka ya 1960 hutoa megawati 8. Yanashuka hadi Hale, yanatoa 21. Yanashuka tena hadi maporomoko ya Pangani, ambako kituo cha mwanzo cha mwaka 1936, kilichokuja kufikia megawati 17.5, kilirithiwa mwaka 1995 na kipya cha megawati 68. Maji yaleyale, mishahara mitatu. Kisha yanamwagika baharini mjini Pangani, kuikabili Unguja. Unaweza kuuonesha mlolongo wote kwenye ubao mmoja wa mita 2, na mwisho wa ubao ukachora bahari.

Skuli za Pemba ndizo zenye haki zaidi na Hale. Hadi mwaka 2010 kisiwa kiliwaka kwa majenereta ya dizeli. Mwaka huo ndio waya wa kilovolti 33 ulipolazwa baharini kutoka Tanga. Gridi ni moja, huwezi kusema taa hii ya Chake ni ya Hale na ile ni ya kituo kingine kama Kidatu, lakini mtoto akifuata nguzo kutoka upande ule wa bahari, nyumba za maji za kwanza kukutana nazo ni hizi.

Basi ipi?

Tangi likiwa mita 5 au zaidi juu ya uwanja, na mnataka taa iwake kweli mbele za watu, jengeni Vemork, na fedha zielekee kwenye bomba la inchi moja na beringi mbili nzuri, si kwenye rangi. Tahadhari moja tu kwa walio Mji Mkongwe: lita 1,000 ni tani moja. Msiipandishe juu ya dari ya boriti kwa ajili ya maonesho. Tafuteni jengo la zege, au mnara wa tangi uliokwishajengwa kwa kazi hiyo.

Maji yakiwa ya ndoo, au mko Pemba, au darasa ni kubwa na muda ni wiki mbili, Hale. Niagara muiache mpaka mumpate mtu wa kereza. Mimi bado nina sanduku lake la shimo, linahifadhi mabomba.

Mkichagua Vemork, jiandaeni na swali moja, kwa sababu litakuja. Kwetu lilikuja kutoka kwa msichana wa kidato cha pili, siku ya majaribio, taa ikiwa inawaka na wenzake wanapiga makofi. "Fundi, haya maji si yamepandishwa na pampu ya umeme?" Makofi yakaisha. Nikamwambia ndiyo. Norwei maji hupandishwa na jua, yakarudi kama theluji na mvua. Kwenye paa letu yamepandishwa na pampu iliyopo kisimani. Akaomba kuiona pampu. Kibandiko chake kilisomeka wati 750, na mlinzi akasema hujaza tangi kwa saa moja. Akakaa kwenye ngazi na daftari: tumeingiza saa-wati 750. Taa ya wati 3 kwa nusu saa, tumetoa saa-wati 1 na nusu. Sehemu moja katika 500.

Maalim wake alitaka tuifiche ile hesabu. Yeye aliiandika kwenye bango la maonesho, kwa kalamu nyekundu, kubwa kuliko jina la skuli, na chini yake akachora mfereji wa mvua ukitoka kwenye bati la madarasa kwenda tangini, na neno "Masika".